Samaki wa mu maganda ya konokono: ujue kwanza jina lake

Kalemie tukisema samaki, akili inakwenda kwa ndakala na mikebuka. Lakini mu ziwa letu kuko pia vile vidogo vinavyoishi na kuzalia ndani ya maganda matupu ya konokono Neothauma. Ulaya wanavifuga nyumbani mu akwariamu. Sisi tuko karibu navyo zaidi, na hatuvijui.

Kuvizalisha si kazi. Mchanga laini, maganda kupita hesabu ya samaki, joto la 24 mpaka 27. Maji ya ziwa yenyewe yanafaa. Jike anataga ndani ya ganda, kisha siku moja unaona watoto mlangoni. Usiwatoe, wanakomea mu familia.

Kazi ni kuvitambua. Neolamprologus multifasciatus na Neolamprologus similis wote ni wadogo, wote wana mistari. Angalia kichwa: kwa similis mistari inapanda mpaka karibu na macho, kwa mwenzake inaishia mwilini. Similis alipewa jina la kisayansi mwaka 1992 tu, kwa samaki wa pwani yetu ya Kongo. Donc, ukiwaweka pamoja, watoto utawauza kwa jina gani? Mnunuzi anayejua hatarudi.

Udogo nao unadanganya. Lamprologus callipterus dume anaweza kuwa na uzito mara 12 ya jike wake! Yeye haingii ganda. Anayabeba kwa mdomo, hata ya kuiba kwa jirani. Ukiwaona bila kujua, utasema ni aina mbili.