Jicho Si Hakimu: Kufundisha Usalama wa Chakula Katika Darasa Lenye Mwanafunzi Asiyeona

Somo la usalama wa chakula katika shule zetu za msingi huanza mara nyingi kwa picha. Mwalimu hutundika ukutani mchoro wa nzi aliyetua juu ya sahani, wa mama anayenawa mikono, na wa chungu kilichofunikwa, kisha huuliza, "Mnaona nini hapa?" Mikono huinuka kwa wingi. Katika makala haya twataka kumfikiria mwanafunzi mmoja ambaye mkono wake hauinuki, si kwa kuwa hajui, bali kwa kuwa haoni. Swali la mwalimu limemtoa darasani ingawa angali ameketi kwenye dawati lake.

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba tatizo hili ni la mtoto huyo, na kwamba dawa yake ni kumwonea huruma. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Tatizo ni la somo lenyewe. Hatari kubwa za chakula hazionekani kwa macho. Kwa hiyo somo lililojengwa juu ya kuona linawadanganya hata wale wanaoona. Somo linalomfaa mtoto asiyeona ndilo linalowafaa wote.

Mazingira ya somo

Na tuchukue mfano wa darasa la nne katika kata ya Igurwa, Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Mambo tutakayosema yanafaa pia katika Wilaya ya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipotengwa mwaka 2012. Chakula kikuu cha huko ni ndizi, na kitoweo chake cha kila siku ni maharage. Mvua hunyesha kwa misimu miwili kwa mwaka. Nyumbani watoto wengi husema Kinyambo, na shuleni hufundishwa kwa Kiswahili.

Mwalimu hana budi kuyatafakari mazingira haya kabla ya kuandika andalio la somo. Mkungu wa ndizi hauwekwi ghalani kwa miezi. Hukatwa, ukamenywa, ukapikwa. Mahindi na karanga, kinyume chake, hukaushwa na kuhifadhiwa, na huko kwenye kuhifadhi ndiko hatari inakoingia. Mtoto anayekunywa uji wa mahindi shuleni anakula chakula kilichopita katika mikono ya watu wengi na kukaa katika maghala kadhaa. Uji ule hauonyeshi lolote la safari hiyo.

Hatari isiyoonekana

Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa karanga. Uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliowafikisha wataalamu kwenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hutolewa na aina fulani za kuvu zinazoota katika nafaka na karanga zisizokaushwa vema. Jambo hili si la Ulaya tu. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Hapa kwetu, mwaka 2016, ugonjwa huo ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliougua walikuwa 68, na watu 20 walipoteza maisha.

Mambo matatu yafaa mwalimu ayashike barabara. Kwanza, sumu hii haionekani, wala haina ladha ya kumwonya mlaji. Pili, kupika hakuiondoi. Uji uliochemka sana waweza kuwa nayo bado. Tatu, kuchambua punje zilizooza au kubadilika rangi hupunguza hatari, lakini hakuimalizi, maana punje yenye sura nzuri yaweza pia kuwa na sumu. Basi kinga ya kweli ni kukausha mapema, kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, na kuhifadhi mahali pakavu penye kupitisha hewa.

Hapa ndipo jicho linaposhindwa kuwa hakimu. Mwanafunzi anayeona hana ushahidi zaidi ya mwenzake asiyeona. Wote wawili wanahitaji kujifunza kupima.

Jaribio la chupa na chumvi

Lipo jaribio rahisi ambalo wakulima wa sehemu nyingi wamefundishwa, nalo halihitaji mashine. Mwalimu atayarishe chupa mbili za kioo zenye midomo mipana na vifuniko, ambazo zimekauka kabisa. Atayarishe pia chumvi iliyoanikwa juani hadi ikakauka, mahindi yaliyokaushwa vema, na mahindi mengine mazima yaliyovunwa karibuni ambayo hayajakauka. Mahindi yenye kuvu yasiletwe darasani kamwe, wala watoto wasiambiwe kuyanusa au kuyaonja.

Chupa ya kwanza ibandikwe punje moja ya maharage kwa gundi. Ya pili ibandikwe punje mbili. Hizo ndizo alama zetu, na kila mtoto ataweza kuzisoma kwa kidole. Mwalimu mwenye kujua maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na Louis Braille mwaka 1824 alipokuwa kijana wa miaka 15, atatambua kwamba alama hizi ni za ukoo mmoja na maandishi hayo.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wote wafumbe macho. Wapitishiane punje chache za kila aina, wazigonge kwa kucha, na kuzidondosha juu ya bati. Punje kavu hutoa mlio mkali. Punje mbichi hutoa mlio mzito. Waeleze kwa maneno yao wenyewe walivyosikia.

Hatua ya pili. Kila chupa ijazwe mahindi mpaka theluthi yake, kisha itiwe vijiko vitatu hadi vitano vya chumvi. Ifunikwe, itikiswe kwa dakika moja, halafu iachwe itulie kwa dakika 15.

Hatua ya tatu. Mwanafunzi mwenye kidole safi na kikavu apapase ukuta wa ndani wa chupa. Ikiwa chumvi imegandamana na kioo, mahindi yale bado yana unyevu uliozidi asilimia 15, na hayafai kuhifadhiwa. Ikiwa kioo ni kitupu, unyevu uko chini ya hapo. Hata hivyo mwalimu aonye kwamba kiwango kinachotakiwa kwa kuhifadhi mahindi ni asilimia 13.5, kwa hiyo hata mahindi yaliyofaulu jaribio hili yafaa yaanikwe tena kabla ya kutiwa ghalani.

Tazama kwamba katika hatua zote tatu mwanafunzi asiyeona hakupewa kazi ya pembeni. Alisikiliza, akapapasa, akatoa hukumu. Aweza kulifanya jaribio hilo nyumbani mbele ya wazazi wake, akawa yeye ndiye mwenye maarifa.

Kazi ya tafsiri

Zile dakika 15 za kungoja zisipotee bure. Zitumike kwa zoezi la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye kubeba somo kutoka shuleni hadi jikoni. Anayekausha mahindi ni mama au bibi nyumbani, na huenda habari zitamfikia kwa Kinyambo. Maana ikipotea njiani, madhara yake ni makubwa.

Lugha yetu imepata neno zuri, sumukuvu, ambalo ni muungano wa maneno mawili anayoyajua kila mtoto. Lakini mkalimani asiyekuwa mwangalifu huacha nusu ya neno hilo. Husema "kuvu" tu. Basi msikilizaji huelewa kwamba akifuta kuvu, amemaliza kazi. Husugua mahindi, huyaosha, husaga, na sumu ikabaki ndani ya unga. Kosa dogo la tafsiri limekuwa kosa la chakula.

Zoezi liwe hivi. Mwalimu amwambie mwanafunzi wa kwanza kwa Kiswahili: "Hata kuvu likiondolewa, sumu yaweza kubaki." Huyo amweleze wa pili kwa Kinyambo. Wa pili amgeukie wa tatu, ambaye hakuyasikia maneno ya kwanza, amweleze hayo hayo. Na wa tatu ayarudishe kwa Kiswahili mbele ya darasa. Sentensi ya mwisho ilinganishwe na ya kwanza. Ikiwa imerudi kama "ondoeni kuvu," darasa litafute ni wapi maana ilipoanguka, na wanafunzi wachague kwa pamoja maneno ya Kinyambo yatakayoibeba nzima. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine asione haya kujifunza kutoka kwao. Ayaandike maneno hayo katika daftari lake pamoja na tarehe, na arudie zoezi baada ya wiki mbili ili aone yaliyodumu. Huo ni utafiti, ingawa ni mdogo, na unatatua jambo la kweli.

Katika zoezi hili mwanafunzi asiyeona yuko sawa kabisa na wenziwe. Hatusemi kwamba kila asiyeona amejaliwa kumbukumbu kubwa kuliko wengine. Hiyo ni dhana tu. Twasema kwamba kazi ya ukalimani hutaka sikio, fikra na ulimi, wala haitaki macho. Mtu mzima asiyeona aweza kuifanya katika mkutano wa kijiji au katika zahanati. Aweza pia kutafsiri maandishi, maana siku hizi zipo kompyuta zenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Mara nyingi kizuizi chake ni jinsi kazi inavyoletwa: hati iliyopigwa picha haisomeki kwa programu hiyo mpaka picha igeuzwe kuwa maandishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imewapa haki ya elimu na ya kazi. Mwalimu wa darasa la nne huanza kuitimiza sheria hiyo siku anapomwita mtoto asiyeona awe mkalimani wa darasa.

Lishe na macho: tahadhari

Mwalimu afikapo kwenye lishe, atakuta kwamba somo linagusa upofu moja kwa moja. Upungufu wa vitamini A huharibu macho ya watoto wadogo, hasa wanapougua surua. Dalili yake ya mapema ni mtoto kutoona vizuri giza linapoanza kuingia. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Vyakula vyenye kuleta vitamini hiyo vipo karibu: viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, majani ya maboga, mapapai, mayai na maini. Mafuta kidogo katika mboga huusaidia mwili kuipokea. Sahani ya ndizi na maharage ni msingi mzuri. Ikiongezwa mboga za majani na tunda, imekamilika zaidi.

Hata hivyo tunaonya kwa mkazo. Mwalimu asimwelekezee kidole mtoto asiyeona na kusema, "Haya ndiyo matokeo ya kukosa mboga." Sababu za upofu ni nyingi, na mwalimu si daktari. Neno kama hilo humfanya mtoto kuwa zana ya kufundishia, na humtia mama yake lawama isiyo na ushahidi. Likisikika kijijini, huenda mtoto asirudi shuleni.

Matayarisho ya shule

Yako mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Kibuyu chirizi kiwekwe mahali pamoja pasipobadilishwa, na kamba ifungwe kutoka mlango wa darasa hadi hapo, ili mtoto asiyeona aende kunawa bila kushikwa mkono. Sabuni itundikwe kwa uzi upande ule ule kila siku. Vyombo vya maji yaliyochemshwa vifungwe uzi wenye fundo. Vya maji mabichi viachwe bila fundo. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kanuni hiyo isimamiwe kwa kengele ya shule, ambayo kila sikio huisikia.

Mwalimu atakaye kujifunza zaidi ana mahali pa kuuliza. Shule ya Buigiri, Dodoma, ilianza kuwafundisha wasioona mwaka 1950. Na mkoani Kagera, Shule ya Msingi Mugeza Mseto, Bukoba, huwapokea watoto wasioona pamoja na wenye ulemavu mwingine.

Hitimisho

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mwalimu aliyezoea bango lake na kulifundisha kila mwaka kama lilivyo, hali akijua kwamba mtoto mmoja halisomi, anapaswa kuutazama moyo wake. Tunawashauri walimu wanafunzi waendao mazoezini wajiulize swali moja kabla ya kila somo la chakula: je, ningefumba macho, ningejifunza nini hapa? Jibu likiwa "hakuna," andalio lirudiwe. Litakaporudiwa kwa mlio wa punje, kwa chumvi na kwa ulimi wa nyumbani, darasa zima litakuwa limejifunza kupima chakula badala ya kukitazama tu.