Kufunga Mzigo kwa Safari Ndefu ya Kazi

SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu aishike, maana leo iko hesabu kidogo ya kufanya. Na mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumza katika kikundi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo twataka kuzungumza juu ya mgeni ambaye hana haja ya kupewa jembe, kwa sababu amekuja nalo begani. Huyu ni mtu anayesafiri miezi mingi, na huku akiendelea na kazi yake ile ile kwa kompyuta na simu. Swali letu ni hili: afunge nini katika mzigo wake?

Watu wa Rungwe si wageni wa safari za kazi. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengi walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine walifika kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine tena walichukuliwa na shirika lililojulikana kwa jina la Wenela, wakachimba dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika ilipoufunga mlango huo baada ya uhuru wa mwaka 1961.

Lakini angalia tofauti. Babu aliyekwenda mgodini hakuchukua sururu wala taa. Vyombo vya kazi vilikuwa mali ya mgodi. Wewe wa leo, mwenye kazi wako yuko Nairobi au London, wala hajui kama umeketi Bulyaga au Lusaka. Ajualo ni moja tu: kazi imefika, au haikufika. Kwa hiyo kitu ulichokisahau nyumbani hakikuletei taabu ya siku moja tu. Chaweza kukukosesha mshahara, na pamoja nawe watoto na wazee wanaoutegemea.

Haya, tuchukue mfano. Tuseme wewe unakaa Bulyaga, hapa mjini Tukuyu, na kazi yako ni kutafsiri maandishi na kuyapeleka kwa mtandao. Wataka kusafiri miezi sita. Utashuka Kyela, uvuke mpaka pale Kasumulu, upite Karonga na Lilongwe, ufike Lusaka, na mwisho Johannesburg.

Jambo la kwanza, usianze na sanduku. Anza na mkeka. Utandike sakafuni, uweke juu yake kila kitu unachodhani utakihitaji. Kisha ukiulize kila kimoja maswali mawili. Kwanza: kikipotea, je, kazi yangu itasimama? Pili: je, niendako nitaweza kupata kingine? Majibu yatakupa mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: VISIVYOPATIKANA TENA

Hivi ni vitu ambavyo vikipotea kazi husimama, na dukani haviuzwi. Kwanza ni pasipoti. Kisha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hii huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hutambulika kwa maisha yako yote. Tena miwani, pamoja na karatasi ya vipimo vyake. Na dawa unazotumia kila siku, pamoja na cheti cha daktari.

Lakini kiko kimoja ambacho wengi hawakiweki katika fungu hili, nacho ni kidogo kuliko ukucha: laini ya simu ya nyumbani. Tangu mwaka 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Laini hiyo ndiyo inayopokea namba za siri za benki, za barua pepe, na za fedha zako za simu. Ikikupotea Lusaka, hapana duka la Lusaka litakalokurudishia. Utakuwa na kompyuta nzima na mikono miwili mizima, na huku mlango wa kazi yako umefungwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka fanya mambo matatu. Kwanza, iweke laini ya nyumbani katika simu ya pili, ile ndogo ya tochi, na ya nchi ugenini uitie katika simu yako kubwa. Pili, iulize kampuni yako ya simu kama laini hiyo itapokea ujumbe ukiwa nje, na uitie salio mara kwa mara, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Tatu, barua pepe nyingi hukupa namba za akiba za kuingilia pasipo simu. Ziandike katika karatasi, uiweke mbali na kompyuta.

Fungu hili halipandi juu ya basi wala haliingii katika buti. Hukaa mwilini mwako, katika mkoba usiouvua, hata ukisinzia.

FUNGU LA PILI: JEMBE LENYEWE

Hivi vyapatikana madukani, lakini kwa gharama, na mpaka uvipate siku zitakuwa zimekupita. Hapa pana kompyuta mpakato, chaja yake, simu, spika za masikioni, na pawabenki.

Tuanze na umeme. Tundu za ukutani za Malawi ni kama zetu, za plagi ya meno matatu bapa. Zambia utakuta mchanganyiko. Afrika ya Kusini utakuta tundu tatu za mviringo, nene, ambazo plagi yako haitaingia hata ukiilazimisha. Chukua adapta moja iliyo imara, na ekstensheni fupi yenye tundu tatu au nne. Hivyo adapta moja itatosha vyombo vyako vyote.

Tena umeme hukatika. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Kariba, Zambia ilipata mgawo mkali sana. Ndiyo maana twachukua pawabenki. Je, kubwa kiasi gani? Hapa ndipo hesabu yetu. Tazama namba iliyoandikwa juu yake. Tuseme ni 20,000. Izidishe kwa 3.7, kisha ugawe kwa 1,000. Utapata 74. Hizo ni wati-saa 74. Ikiwa kompyuta yako hula wati 30, gawa 74 kwa 30: utapata saa mbili na nusu hivi. Toa kidogo kinachopotea njiani kwa joto, useme saa mbili. Lakini hakikisha kwanza kwamba pawabenki hiyo yaweza kuwasha kompyuta, maana nyingine ni za simu tu.

Kwa nini kuhesabu? Kwa sababu ukipanda ndege, sheria hukuruhusu mpaka wati-saa 100 pasipo kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 hapana budi shirika la ndege likubali, na ikizidi 160 haipandi. Na pawabenki haiwekwi kamwe katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ikishika moto huko, hakuna wa kuiona.

Sasa nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi yako ikae mahali patatu: ndani ya kompyuta, katika flashi au diski ndogo iliyo katika mfuko mwingine, na katika hifadhi ya mtandaoni. Mwizi akichukua kompyuta, amechukua chuma. Asichukue na kazi ya miezi mitatu.

Na usisahau mvua. Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua haingojei upande basi. Chombo chochote cha umeme kikae katika mfuko usiopenya maji wenye kufungwa vizuri. Usitegemee mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

FUNGU LA TATU: VINAVYOPATIKANA KILA MAHALI

Sabuni, dawa ya meno, daftari, viatu vya ziada, suruali ya nne, gauni la tano. Karibu vyote hivi vibaki nyumbani. Kila mji wenye watu una soko. Chukua nguo za siku nne au tano, ufue. Chukua kanga mbili, au kikoi: ni shuka, ni taulo, ni pazia, na hufunika kompyuta vumbi likizidi.

Ila viko viwili vya kuangaliwa. Cha kwanza ni sweta. Usiseme kwamba unaiacha baridi ya Tukuyu nyuma. Johannesburg iko juu zaidi kuliko hapa, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Cha pili ni chandarua chenye dawa. Tukuyu iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukishuka Kyela na Karonga, kando ya Ziwa Nyasa, umefika chini ya mita 500 hivi, kwenye joto na mbu wengi. Mtu wa milimani mwili wake haukuzoea malaria kama wa mtu wa pwani ya ziwa. Juma moja la homa ni juma moja lisilo na mshahara.

VISIVYO NA UZITO

Viko pia vitu vya kuchukua ambavyo havina uzito. Kimoja ni saa. Ukivuka Kasumulu, saa inarudi nyuma kwa saa moja: saa tatu ya Tukuyu ni saa mbili ya Karonga. Kama una miadi ya kuzungumza na mtu wa London, iandike kwa saa ya kwake, tena ukumbuke kwamba Waingereza hubadili saa zao mara mbili kwa mwaka.

Kingine ni ruhusa. Muhuri wa mgeni katika pasipoti si kibali cha kazi. Nchi nyingine zimeweka viza ya watu ambao kazi na malipo yao yako nje: Mauritius tangu mwaka 2020, na Afrika ya Kusini katika kanuni zake za mwaka 2024. Uliza ubalozi au ofisi ya uhamiaji kabla hujafunga mzigo, siyo ukiwa umesimama dirishani pa mpaka.

Na nyumbani uache karatasi. Mwachie mama, mzee, au ndugu unayemwamini nakala ya pasipoti, namba iliyochapwa chini ya kompyuta, na njia utakayopita. Risiti ya kompyuta uende nayo. Itakusaidia kuonyesha kwamba ulitoka nayo nyumbani.

JARIBIO

Mzigo ukiisha kufungwa, usiondoke bado. Ubebe, utembee nao kutoka Bulyaga mpaka stendi ya mabasi ya Tukuyu, na kurudi. Bega litakuambia ukweli kuliko mizani. Kisha fanya kazi siku nzima kutoka katika mzigo huo tu, pasipo kugusa kitu kingine cha nyumba. Kila ulichoinuka kukitafuta, andika: hicho kimesahauliwa. Kasoro ya Bulyaga hutengenezwa kwa dakika tano. Kasoro hiyo hiyo Lusaka hula siku tatu.

Wasikilizaji, babu zetu walirudi na masanduku mazito, na nyumba iliwaona kwa masanduku yao. Wewe utaonekana kwa fedha iliyofika kila mwezi, hata ukirudi na mkoba mmoja. Basi funga kidogo, lakini jembe lisikose mpini.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni kitu gani kimoja ambacho kikipotea kazi yako husimama siku ile ile?
2. Pawabenki imeandikwa 27,000. Ina wati-saa ngapi? Je, yaruhusiwa ndani ya ndege pasipo kuomba ruhusa?
3. Nani nyumbani kwako atakayeshika nakala za karatasi zako, na atakupata kwa njia gani?