Kabalagala: Nyumba ya sanaa ina neno gani kuhusu afya na tabianchi?

Jijini Kampala, kabalagala ni jina la vitu viwili. Kwa mpishi ni mkate mdogo wa ndizi mbivu na unga wa muhogo, unaokaangwa kwa mafuta. Kwa msafiri ni mtaa ulio kando ya barabara ya Ggaba, kusini-mashariki mwa jiji, unaosifika kwa muziki na biashara za usiku kucha. Baadhi ya wasikilizaji wetu wanaufahamu vyema: mtaa huo na jirani yake, Kansanga, umewapokea watu wengi kutoka Kongo, Sudan Kusini, Eritrea na Ethiopia, na Kiswahili si lugha ngeni vichochoroni mwake.

Hapo ndipo kilipo kituo cha sanaa ya kisasa kiitwacho 32° East. Jina hilo linarejelea longitudo ya nyuzi 32 mashariki, ilipo Kampala. Je, kituo kama hiki kinapoelekeza maonyesho ya mwaka kwenye afya na mabadiliko ya tabianchi, kinaongeza nini ambacho daktari na mtabiri wa hali ya hewa hawajakisema?

Kutoka makontena hadi kuta za udongo

Kituo kilianzishwa mwaka 2011, na kwa miaka mingi kilifanya kazi Kansanga ndani ya makontena ya mizigo yaliyogeuzwa kuwa studio na ofisi. Kazi yake ni kuwapa wasanii nafasi, muda, vitabu na watu wa kujadiliana nao. Ndicho pia kinachoandaa tamasha la KLA ART, linalopeleka sanaa mahali watu walipo. Mwaka 2012 kazi zilionyeshwa ndani ya makontena yaliyowekwa hadharani jijini. Mwaka 2014 zilipanda bodaboda na kuzunguka mitaani.

Jengo jipya la Kabalagala lilibuniwa na wasanifu wa New Makers Bureau na Localworks. Udongo uliochimbwa kwenye kiwanja chenyewe ulitumika kujenga kuta. Uamuzi huo ni somo la afya na tabianchi hata kabla picha ya kwanza haijatundikwa.

Safari ya tofali moja

Nyumba nyingi nchini Uganda hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Udongo wake wa mfinyanzi mara nyingi huchimbwa mabondeni na kwenye vinamasi, na tanuri huwashwa kwa kuni. Hivyo miti hukatwa na moshi huingia hewani, huku mashimo yakibaki wazi. Mvua ikinyesha, mashimo hayo hujaa maji yaliyotuama, na mbu waenezao malaria hupata mahali pa kuzaliana.

Kinamasi kilichochimbwa au kujengwa juu yake hupoteza pia uwezo wa kunyonya maji ya mvua. Mafuriko huingia majumbani, hufurisha vyoo vya shimo na kuchafua visima na chemchemi. Baada ya hapo hufuata kuhara, homa ya matumbo na wakati mwingine kipindupindu. Mama anayempeleka mtoto zahanati huambiwa jina la ugonjwa. Ni nadra kuambiwa kwamba ugonjwa huo ulianzia katika shimo la matofali.

Takwimu hupima kila pingili ya mnyororo huu peke yake. Sanaa inaweza kuzionyesha zote kwa mtazamo mmoja, kwa kitu ambacho mtu anakigusa kila siku.

Kinamasi kilichofika Venice

Mfano mwingine ni wa Acaye Kerunen, msanii wa Uganda anayeshirikiana na wanawake wafumaji kutengeneza kazi kubwa za nyuzi za mimea, zikiwemo za migomba na mikindu. Mwaka 2022, Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza kama taifa katika maonyesho ya sanaa ya Venice, kazi zake na za Collin Sekajugo ziliipatia nchi hiyo tuzo ya kutajwa kwa heshima. Sehemu ya malighafi za ufumaji hutoka kwenye ardhi oevu. Kinamasi kikitoweka, mfumaji hupoteza nyuzi na kipato, na mji hupoteza kinga yake dhidi ya mafuriko.

Hata hewa imepata wa kuisemea. Tangu mwaka 2015, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukipima chembechembe za vumbi na moshi kwa vifaa vya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka wa chembe ndogo zaidi usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, kiwango ambacho Kampala hukipita mara kadhaa. Lakini namba hiyo haimwambii mengi muuza chipsi anayeshinda kando ya barabara. Mtu anahitaji kuiona.

Sanaa isichoweza

Ni lazima kusema pia kwamba picha haizibui mtaro. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Hakuna onyesho ambalo lingebeba jukumu la wanaopaswa kusimamia taka za jiji.

Kwa hiyo programu ya aina hii ipimwe kwa maswali matatu. Wakazi wa mabondeni waliulizwa kabla ya kazi kutengenezwa? Kazi zinatoka nje ya ukumbi, kama zilivyotoka bodaboda za mwaka 2014? Na maelezo yake yameandikwa kwa lugha gani?

Swali la mwisho linatugusa sisi. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, Kiingereza na Kiganda ndizo zinazotawala mabango ya Kampala. Mkimbizi kutoka Bukavu anayepanga chumba karibu na mtaro hupatwa na mafuriko yaleyale na mbu walewale. Maelezo ya ukutani yakiandikwa pia kwa Kiswahili, naye atakuwa miongoni mwa wanaozungumziwa na wanaozungumza.