Tawi litoke, mti ubaki: kukata matawi kwenye parseli bila ajali



Tangu Desemba hadi Februari, mvua ikipungua, sauti ya panga husikika katika parseli nyingi za Bunia. Kila mtu anajua sababu: mvua za Machi huja na upepo mkali, na tawi lililoegemea nyumba linaweza kuvunja tole usiku mmoja. Kukata mapema ni akili. Shida ni namna tunavyokata. Kijana mmoja tunayemfahamu alipanda mwembe na panga mkononi, akasimama juu ya tawi lile lile alilokuwa anakata. Alipona, lakini msimu huo hakulima.

Mwezi uliopita tulifika kwa mama mmoja mwanachama, huko Mudzipela. Avoka yake ina tawi nene lililoinama juu ya chumba wanamolala watoto. Jirani alimwambia aangushe mti mzima. Mama akatujibu: "Huu muti njo unalipaka minervale ya batoto. Nikiuangusha, nitalipa na nini?" Tukakubaliana naye: tawi litoke, mti ubaki.

Kutazama kwanza

Kabla ya kupanda tulizunguka mti pole pole. Tulitafuta matawi makavu, nyufa, mchwa, nyuki na manyigu. Avoka ina mbao laini, huvunjika ghafla, kwa hiyo hata tawi bichi lisiaminiwe. Tukaangalia pia nyaya za umeme. Kama waya unapita karibu na mti, chini ya metre tatu, hapana kupanda. Mti mbichi unapitisha umeme, na panga pia. Ngojeni mafundi wa umeme wakate moto kwanza.

Halafu tukatoa watoto, mbuzi na kuku. Watu wasisimame karibu kuliko mara mbili ya urefu wa tawi. Mtu mmoja akabaki kwenye mlango wa parseli, kazi yake kuzuia wapita njia. Na hapana kufanya kazi hii peke yako: ukianguka, nani ataita msaada?

Kukata mara tatu

Ngazi ilifungwa kwenye shina. Aliyepanda alivaa kofia ya moto na viatu vilivyofungwa, akajifunga kamba kwenye shina. Alitumia msumeno wa mkono. Panga hupasua, tena huteleza. Mashine ya kukata mbao haipandi ngazi; ni ya kazi ya chini tu.

Kwa sababu kulikuwa na nyumba chini, tawi lilikatwa vipande vipande, kuanzia ncha. Kila kipande kilifungwa kamba iliyopita juu ya tawi lingine zima, ikazungushwa kwenye shina, na mtu wa chini akaiachilia kidogo kidogo. Huyo wa chini asizungushe kamba mkononi, itamvuta.

Kilipobaki kipande cha mwisho, tulikata hivi:

1. Kata kutoka chini, sentimetre 30 hivi mbali na shina, mpaka robo ya unene.
2. Kata kutoka juu, mbele kidogo ya pale pa kwanza. Tawi litaanguka bila kuchuna ganda la shina.
3. Toa kisiki kilichobaki. Angalia pale tawi linapotoka kwenye shina: kuna uvimbe kama pete. Kata nje ya pete hiyo, usiiguse, wala usiache kisiki kirefu.

Pete hiyo ndiyo dawa ya mti. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua miti mingi kuchunguza kuoza, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu: unajenga ukuta wa kufungia uozo, kisha mbao mpya inafunika kidonda. Ukikata pete, umevunja ukuta. Kupaka rangi au mafuta machafu hakusaidii.

Baada ya kazi

Matawi manene yalikuwa kuni, membamba yakawa miti ya kusimamishia maharagi yanayopanda. Majani tulitandaza chini ya migomba. Lakini angalisho: musiwape mbuzi wala sungura majani ya avoka. Yana sumu inayoumiza moyo na kukausha maziwa.

Kazi ilichukua watu wanne na asubuhi nzima. Jirani angeangusha mti kwa saa moja. Lakini avoka mpya ya mbegu inaweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa, na mtoto wa mama yule hawezi kungoja miaka hiyo nje ya shule.

Msumeno mmoja, kamba nzuri na ngazi ni ghali kwa mtu mmoja, si kwa koperative nzima. Wekeni kwenye depo, muazimane, na mupange siku ya kusaidiana kabla mvua haijafika. Tulipoondoka, mama alikuwa ameshahesabu avoka zilizobaki juu.