Joto la Jiko na Hisabu ya Wastani

Tangu kituo cha umeme cha Matebe kilipofunguliwa mwaka 2015 katika mto Rutshuru, na nyaya zake zikafika Goma, jiko la umeme limepata nafasi kando ya jiko la makaa. Na fundi wa mtaa wa Majengo mjini humo aletewaye jiko ambalo moto wake hupunguzwa kwa rektifaya ya tirista hana budi kuijua tabia ya kifaa hicho, kilichotolewa na General Electric ya Marekani mwaka 1957, ambacho huuzuia umeme mpaka kiamriwe kuupitisha, kisha hujifunga chenyewe mkondo urudipo sifuri.

Tutwae jiko la wati 1,000 kwa volti 220, lenye ukinzani wa omu 48.4, likilishwa na tirista 2 na dayodi 2. Nusu wimbi la umeme wa hezi 50 huchukua milisekunde 10. Amri ikicheleweshwa milisekunde 5, jiko hukosa sehemu ya kwanza ya kila nusu wimbi na kupata ya pili. Fundi akiweka mita yake, kwa kipimo cha mkondo mnyoofu, kwenye ncha za waya wa joto, atasoma takriban volti 99, nao ni wastani wa haki; lakini akizizidisha kwa nafsi yake na kugawanya kwa 48.4, atapata wati 203, ilhali jiko linatoa 500. Joto halifuati wastani wa volti, bali hufuata kipeo chake cha pili katika kila nukta, na kwa kuwa sehemu iliyokatwa na iliyobaki zimelingana kabisa, nguvu iliyobaki ni nusu kamili.

Ushahidi wake ni saa ya ukutani. Katika mji huu ulio kama mita 1,500 juu ya bahari, ambapo maji huchemka karibu na nyuzi 95 za Selsiasi, lita 2 za maji ya nyuzi 20 zingetaka dakika 52 kwa wati 203, na 21 tu kwa 500, tusipohesabu joto lipotealo hewani.

Ajabu nyingine: kuchelewesha amri kwa theluthi ya nusu wimbi hupunguza moto kwa humusi moja tu.

Waya wa jiko, bila shaka, huchaguliwa kwa moto kamili, ampea 4.5. Lakini majiko kadhaa yakitiwa nusu moto katika laini moja, anayejumlisha wati peke yake atahesabu ampea 2.3 kwa kila jiko, na laini itabeba 3.2.