Hesabu Moja, Uzito Mwingine

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya FEAST, jaribio la kitabibu lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine hawakupewa. Miongozo ya tiba ilikuwa imeyasifu maji hayo. Kumbe kufikia saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa walikuwa wamefariki 10 au 11. Kwa wasiopewa, 7.

Kila ninapoulizwa kama akili mnemba inaweza kutufanyia mapitio ya kimfumo, jaribio hili ndilo hunijia kichwani.

Mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote zilizojibu swali moja, huzichuja, kisha huunganisha matokeo yake kwa hesabu. Hesabu hiyo huitwa meta-analisisi, jina alilolitunga Mmarekani Gene Glass mwaka 1976. Kazi yenyewe inachosha. Utafutaji mmoja huleta ikisiri elfu kadhaa. Watu wawili huzisoma, kila mmoja peke yake, na wakipishana huitwa wa tatu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba tangu mapitio yaandikishwe mpaka yatoke hupita wastani wa wiki 67.

Kwenye kuchuja, programu zinasaidia kweli. ASReview ya Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, hujifunza kama mtoto anayefundishwa kuchambua mchele: unamwonyesha punje na chuya chache, naye anaanza kukutengea. Kila ukikubali au kukataa ikisiri, foleni inapangwa upya, zenye dalili ya kufaa zikija mbele. Mara nyingi, sehemu kubwa ya unazozitaka huwa umeshazipata kabla ya kufika nusu ya rundo, na hapo kishawishi cha kufunga kompyuta ni kikubwa.

Programu hizi husifiwa zikinasa makala 95 katika kila 100 zinazofaa. Lakini alama hiyo huhesabu vichwa tu. Meta-analisisi hupima uzito: jaribio kubwa huvuta mizani, dogo huisogeza kidogo. Kwenye swali la dripu, majaribio yaliyoitangulia FEAST yalikuwa madogo kando yake. Ukiikosa hiyo moja, unabaki na alama ya kupendeza na jibu la hatari. (FEAST yenyewe sidhani ingekosekana, jina lake limevuma mno. Nahofia zaidi jaribio la maana lililoandikwa kwenye jarida la hapa kwetu ambalo hifadhidata za nje hazilijui.)

Siku hizi modeli za lugha hupewa pia kazi ya kunakili namba kutoka kwenye majedwali. Kuna mtego wa zamani hapo: mtawanyiko wa vipimo vya wagonjwa na kosa la wastani huandikwa kwa namna zinazofanana, wakati kwa wagonjwa 100 kosa hilo huwa sehemu ya kumi ya mtawanyiko. Ukichukua kosa ukidhani ni mtawanyiko, utafiti huo unapata uzito mara 100 ya stahili yake. Wanadamu nao hunaswa, ila mtu akiona jedwali limemkanganya huuliza. Modeli hukujazia kisanduku, na kazi inaendelea.

Na namba zikinakiliwa sawasawa bado zinaweza kuwa za uongo. Mwaka 2021 makala ya awali kutoka Misri kuhusu dawa ya ivermectin na UVIKO-19 iliondolewa mtandaoni baada ya mwanafunzi mmoja jijini London kugundua sentensi zilizonakiliwa na takwimu zisizoingia akilini. Meta-analisisi zilikuwa zimeshaipa uzito mkubwa.

Mimi mashine naifanya msomaji wa pili wa ikisiri. Mchoro wa matokeo ukishatoka, natafuta miraba mitatu mikubwa kuliko yote, yaani tafiti zenye uzito zaidi, kisha makala zake nazifungua na kuzisoma mwenyewe, jedwali kwa jedwali.