UYOGA WA VISIKI VYA PINUSI: USIUTIE CHUNGUNI KABLA HUJAUJUA



Mvua zikianza, visiki vya pinusi huota uyoga, iwe Mlima Kigali au kwenye misitu ya kandokando ya Nyungwe, upande wa kambi ya Kigeme. Tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2021, mboga ya bure inavutia. Lakini je, uyoga huo unaujua?

Kuna aina mbili za uyoga wa visiki zinazofanana sana.

Ya kwanza ni Armillaria, inayoozesha mizizi ya pinusi na ya chai Afrika Mashariki. Huota kwa mafungu, kofia ina rangi ya asali na shina lina pete. Ukibandua gome la kisiki, unaona utando mweupe. Wapo wanaoula baada ya kuupika sana.

Ya pili ni Galerina. Ni mdogo, wa kahawia, nao pia una pete. Katika nchi nyingi huota kwenye miti ya jamii ya pinusi iliyooza. Sumu yake huharibu ini na huua.

Ukilaza kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, Armillaria huacha unga mweupe na Galerina unga wa rangi ya kutu. Ukiona kutu, tupa. Lakini unga mweupe si ruhusa ya kula, maana uko uyoga mwingine unaoua wenye unga mweupe.

Usidanganywe na maneno haya:

- "Wadudu wameula." Kinachomfaa mdudu kinaweza kumuua mtu.
- "Tutauchemsha, tutaukausha." Sumu hii haiishi kwa moto wala kwa jua.
- "Kwetu Masisi tuliula." Wa hapa unaweza kufanana na wa kwenu na usiwe ule ule.

Dalili huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 24 baada ya kula: tumbo kukata, kutapika, kuharisha maji. Kisha mgonjwa anaonekana amepona, kumbe ini linaharibika. Hapo ndipo wengi hupoteza muda.

Mama, baba, usingoje. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, pamoja na wote waliokula naye. Beba mabaki ya uyoga, hata yaliyopikwa.

Ukitamani uyoga, nunua unaolimwa, kama ule unaouzwa masokoni Kigali. Usioujua, uache kwenye kisiki chake.